Maswali ya Wasomaji: Mwisho wa Juma Pamoja na Watazamaji wa Ndege

Toleo lililopita la jarida hili lilitaja kwa ufupi mikusanyiko ya watazamaji wa ndege, ambayo washiriki wake hutumia siku mbili au tatu za mwisho wa juma wakitembea porini alfajiri, wakisikiliza mihadhara mchana na kuhesabu jioni spishi walizoziona. Barua zilizofuata zilikuwa nyingi, na safu yote ya mwezi huu imetengwa kwa ajili ya kuzijibu. Zile zilizouliza jambo moja zimeunganishwa.

*Rafiki yangu amenishawishi nijiandikishe katika mkusanyiko wa aina hiyo, ilhali siwezi hata kutofautisha mwewe na kipanga. Je, sitakuwa mzigo kwa wenzangu? Na kwa nini kila ratiba niliyoonyeshwa huanza kabla ya jua kuchomoza?* (Msomaji anayekwenda kwa mara ya kwanza)

Hutakuwa mzigo, ilimradi uwe tayari kuamka mapema na kunena kwa sauti ya chini. Katika kila kikundi huwamo wageni, na viongozi wengi wa misafara hupendelea kuwa na wageni wawili watatu, kwa sababu maswali yao huwalazimisha wazoefu kueleza mambo ambayo wao wameyazoea hadi hawayaoni tena.

Ama saa ya kuanza, hiyo haikupangwa ili kuwatesa washiriki. Ndege wadogo hupitisha usiku mzima bila kula, huku wakitumia akiba ya mafuta mwilini kujipasha joto, hivyo kunapopambazuka hutoka kwa wingi kutafuta chakula na hawana muda wa kujificha. Madume nao huimba zaidi wakati huo ili kutetea maeneo yao, na kwa kuwa upepo wa alfajiri huwa mtulivu, sauti zao hufika mbali zaidi. Jua likishapanda na joto kuongezeka, wengi hunyamaza na kuingia vichakani, na hapo ndipo waandaaji wenye busara huwarudisha watu ukumbini kwa mihadhara. Wanaokwenda kinyume na kanuni hiyo ni tai, mwewe na korongo, ambao husubiri hewa ya joto ianze kupaa kutoka ardhini ili iwainue bila wao kupigapiga mabawa. Kwa hiyo usishangae msafara wa kutazama ndege mbuai ukipangwa saa nne asubuhi, wakati kundi la msituni limekwisharudi.

Jambo moja dogo ulijue kabla ya kuondoka. Viongozi hupenda kuelekeza macho ya watu kwa kuufananisha mti na uso wa saa: ndege yuko kilele cha mti, yaani mshale unapoelekea juu kabisa, au yuko upande wa kulia, na kadhalika. Sisi tunaohesabu saa kuanzia macheo husema saa sita pale ambapo mwenzetu anayesoma tarakimu zilizoandikwa kwenye saa husema kumi na mbili, na matokeo yake ni kwamba watu wawili wakiambiwa "saa tatu", mmoja atatazama kulia na mwingine kushoto kabisa, huku ndege akiruka zake. Ulizeni mapema ni hesabu gani itakayotumika, au mkubaliane kusema kulia, kushoto, juu na chini tu.

*Nataka kununua darubini kabla ya mkusanyiko ujao. Muuzaji ananihimiza nichukue yenye kukuza mara nyingi zaidi, kwa kuwa, asemavyo, ndege wako mbali. Nambari 8x42 na 10x42 zina maana gani hasa?* (Msomaji mwenye fedha kidogo)

Nambari ya kwanza ni mara ambazo kitu hukuzwa, na ya pili ni kipenyo cha kioo cha mbele kwa milimita. Ukiigawa ya pili kwa ya kwanza unapata upana wa mwali wa mwanga unaofika jichoni: 42 kwa 8 ni milimita 5.25, na 42 kwa 10 ni milimita 4.2. Wakati wa mchana tofauti hiyo haina uzito, kwa maana mboni ya jicho yenyewe huwa imebana hadi milimita 2 au 3. Alfajiri na jioni mboni hupanuka, na darubini yenye mwali mpana huonyesha picha angavu zaidi, nazo ndizo saa ambazo mikusanyiko hii huzitumia sana.

Muuzaji amesema nusu ya kweli. Darubini ya mara 10 huleta ndege karibu zaidi, lakini pia hukuza mtetemo wa mikono yako na kwa kawaida hukuonyesha eneo finyu zaidi, jambo ambalo humsumbua mgeni anayemtafuta ndege mdogo kati ya maelfu ya majani. Kwa anayeanza, ushauri wangu ni 8x42, na hata 8x32 inatosha kwa mwenye shingo isiyopenda uzito. Ukivaa miwani, hakikisha picha nzima inaonekana ukiwa umeivaa. Vipimo vya kiwandani hutaja umbali wa jicho kutoka kwenye kioo, na milimita 15 au zaidi ndizo zinazofaa. Kisha rekebisha tofauti ya macho yako mawili kwa kigurudumu kidogo ambacho mara nyingi huwa upande wa kulia. Nimekutana na watu waliotumia darubini nzuri kwa miaka mingi bila kukigusa kigurudumu hicho, wakilalamika kwamba picha ina ukungu.

Ila usinunue chochote kabla ya mkusanyiko, ikiwa unaweza kusubiri. Huko ndiko kwenye darubini za kila aina zikining'inia shingoni mwa watu wakarimu, pamoja na zile kubwa za kusimamishwa juu ya miguu mitatu, na katika siku mbili utakuwa umezijaribu kadhaa katika mwanga hafifu, mahali ambapo ubora wake hujulikana, si mbele ya dirisha la duka.

*Nilihudhuria mkusanyiko mmoja ambapo kiongozi wa msafara alikuwa hodari kiasi kwamba kabla sijainua darubini alikuwa ameshataja jina la ndege. Nilirudi na orodha ndefu, lakini nikikutana na nusu ya ndege wale nikiwa peke yangu siwezi kuwatambua. Kosa ni langu au lake?* (Msomaji mwenye orodha ndefu)

Hili ndilo swali ambalo ningependa kila mwandaaji alisome, kwa kuwa linagusa udhaifu mkubwa kuliko yote wa mikusanyiko yetu. Jina likitangulia, jicho huacha kazi. Mtu akishaambiwa kwamba yule ni fulani, humtazama kwa nukta chache ili kuthibitisha tu, kisha huandika na kusonga mbele, na kinachobaki kichwani ni jina lisilo na ndege ndani yake. Kiongozi hodari anayetaka kuwafurahisha watu wengi kwa muda mfupi hufanya hivyo bila nia mbaya.

Dawa yake ni kugeuza mpangilio: eleza kwanza, jina lije baadaye. Anza na ukubwa, ukilinganisha na ndege unayemjua vizuri, kwa mfano mkubwa kuliko shomoro lakini mdogo kuliko njiwa. Fuata umbo, na hasa mdomo, kwa kuwa mdomo hukuambia chakula na chakula hukuambia familia. Mdomo mfupi na mnene wa chiriku ni wa kuvunja mbegu. Ule mrefu uliopinda wa chozi ni wa kufyonza mbochi ndani ya maua. Na ule mfupi wa mbayuwayu, unaoachama kwa upana, ni wa kunasa wadudu hewani. Kisha tazama anachofanya. Kigong'ota hupanda shina akijiegemeza kwa mkia mgumu; wengine hutikisa mkia kila wanapotua; wengine hutoka kwenye tawi, humkamata mdudu hewani na kurudi kwenye tawi lile lile mara kwa mara. Tabia kama hizo huonekana hata pale ambapo ndege ni kivuli tu mbele ya anga jeupe.

Rangi iwe ya mwisho, ingawa ndiyo inayotuvutia kwanza. Mng'ao wa kijani au zambarau wa chozi hutokana na namna tabaka nyembamba mno ndani ya unyoya zinavyorudisha mwanga, wala si rangi ya kawaida iliyomo unyoyani, na kwa sababu hiyo ndege yule yule akigeuka kidogo huonekana mweusi. Umri nao hubadilisha mambo. Furukombe mzima hutambulika papo hapo kwa kichwa chake cheupe, ilhali aliye mchanga ana michirizi ya kahawia na huchukua miaka kadhaa kupata sura ya wazazi wake, na kila mkusanyiko humkuta mtu anayeapa kwamba amegundua tai wa aina nyingine. Tena katika spishi nyingi jike hafanani na dume hata kidogo.

Safari ijayo mwombe kiongozi, kabla ya msafara kuanza na kwa heshima, awaachie nusu dakika ya kimya kwa kila ndege ambaye hana haraka ya kuondoka. Wengi hukubali kwa furaha. Chukua daftari dogo na penseli, maana wino huyeyuka kwa umande na mvua, uchore yai la mwili, duara la kichwa na mstari wa mdomo, halafu uandike kando yake ulichokiona. Usione haya kwa ubaya wa mchoro. Mkono unaochora hulazimika kuuliza kama ule mstari mweupe ulipita juu ya jicho au ulikatiza katikati yake, na tofauti hiyo mara nyingi ndiyo inayotenganisha spishi mbili.

*Katika msafara mmoja mwenzetu alipiga sauti ya ndege kwa simu, na ndege akajitokeza mara moja. Wengine walifurahi, mmoja akakasirika sana. Nani alikuwa sahihi? Na je, programu za simu zinazotambua sauti zinaaminika?* (Msomaji aliyesimama katikati)

Aliyekasirika alikuwa na hoja. Dume anayesikia wimbo wa spishi yake ndani ya eneo lake huamini kwamba mpinzani amevamia, naye huacha kulisha au kulinda kiota ili amtafute adui ambaye hayupo. Mara moja huenda isimdhuru, lakini mahali panapopendwa na watazamaji ndege huyo huyo huchokozwa na kikundi baada ya kikundi. Mikusanyiko mingi huweka kanuni: ama sauti hazipigwi kabisa, ama kiongozi peke yake ndiye mwenye ruhusa, kwa muda mfupi, na kamwe si karibu na viota wala kwa spishi zilizo hatarini. Kanuni hiyo ielezwe kabla ya msafara kuanza, si katikati ya ugomvi. Wapiga picha wanaosogelea viota wanastahili kuambiwa maneno hayo hayo, na mahali pa viota vya bundi na ndege mbuai pasitangazwe hadharani.

Kuhusu programu, ile ya Merlin, iliyotengenezwa na maabara ya ornitholojia, yaani elimu ya ndege, ya Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, iliongezewa uwezo wa kutambua sauti mwaka 2021 na imewasaidia wageni wengi kujua kwamba kelele ile ya vichakani ni ya ndege watatu, si mmoja. Itumie kama mtu anayekudokezea pa kutazama, usiitumie kama hakimu. Wapo ndege waigaji. *Acrocephalus palustris*, ndege mdogo wa kahawia anayezaliana Ulaya na kukaa Afrika katika majira mengine ya mwaka, huunda wimbo wake kwa kuiga sauti za wengine. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1979 ulionyesha kwamba dume mmoja kwa wastani huiga spishi zipatazo 76, nyingi kati yake zikiwa ni za Afrika. Simu ikikuandikia kwamba umesikia ndege wa Afrika katika bonde la Ulaya, mtafute mwimbaji kwa macho kabla hujaandika lolote.

*Magoti yangu hayawezi mwendo mrefu, na nina mjukuu wa miaka tisa anayetaka kuja nami. Tukae nyumbani?* (Babu wa mjukuu mmoja)

Hapana, mzee wetu, njooni. Ombeni mwekwe kwenye kibanda cha kujifichia au kando ya maji, mahali pamoja, kwa saa mbili. Ndege wataendelea kuja wenyewe, na mara nyingi wanaokaa huona mambo ambayo watembeaji huyapita. Mjukuu apewe kazi ya kuhesabu, kwa kuwa macho ya miaka tisa ni makali kuliko yetu. Mavazi yenu yawe ya rangi iliyofifia, ingawa kinachowafukuza ndege zaidi ni mwendo wa ghafla.

*Mimi hupenda misafara lakini mihadhara ya mchana hunipa usingizi. Je, nikiiacha nitapoteza kitu?* (Msomaji asiyependa kukaa)

Ukiiacha yote, utapoteza. Ukiihudhuria yote, huenda ukasinzia kweli. Chagua ule unaohusu kitu ulichokiona asubuhi ile. Kama mliona kundi la mbayuwayu wakikusanyika, basi mhadhara wa uhamaji ndio wako, nao una hadithi ambazo hazihitaji kupambwa. Kwa karne nyingi watu wenye elimu, Aristotle akiwa mmoja wao, waliamini kwamba mbayuwayu hujificha mashimoni wakati wa baridi. Mwaka 1822 huko Ujerumani, karibu na Klütz, aliuawa korongo mweupe aliyekuwa na mkuki wa Kiafrika umemchoma shingoni, naye akawa ushahidi usiopingika kwamba ndege hawa huvuka mabara. Mwili wake uliokaushwa ungali unahifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Rostock. Mwaka 1899 mwalimu Hans Christian Mortensen wa Denmark alianza kuwafunga kwenzi pete za alumini zenye nambari ili kila mmoja atambulike akionekana tena, na kazi hiyo ndiyo msingi wa ufungaji pete unaofanywa leo.

Sasa vipo vifaa vidogo vinavyowasiliana na setelaiti. Mwaka 2022 ndege mmoja mchanga wa spishi ya *Limosa lapponica*, ndege wa pwani mwenye mdomo mrefu, mwenye umri wa miezi mitano hivi, aliruka kutoka Alaska hadi Tasmania, kilomita zipatazo 13,560, kwa siku 11 bila kutua. Msikilizaji aliyemwona ndege wa jamii hiyo akichokoa matope asubuhi hatalala mbele ya habari kama hiyo.

Mkusanyiko ukiwa na onyesho la kufunga pete, usilikose kwa vyovyote. Wafungaji wenye mafunzo na kibali hutandaza nyavu nyembamba, huzikagua mara kwa mara ili ndege asikae humo kwa muda mrefu, kisha humpima bawa na uzito, na humpulizia manyoya ya kifuani taratibu ili kuona mafuta chini ya ngozi, ambayo huonyesha kama yuko tayari kwa safari. Utamwona kwa umbali wa mkono ndege ambaye kwa darubini alikuwa nukta.

*Kila jioni kikundi husoma orodha ya spishi zilizoonekana, na watu hushindana kwa idadi. Je, orodha hizi zina faida yoyote kwa ndege wenyewe? Na nifanye nini nikiona ndege adimu nikiwa peke yangu, na wenzangu wasiniamini?* (Msomaji aliyetiliwa shaka)

Orodha ina faida ikiandikwa vizuri. Mwaka 1900 Frank Chapman wa Marekani alipendekeza kwamba siku ya Krismasi, ambapo watu walizoea kushindana kuwinda, wahesabu ndege badala ya kuwaua. Waliitikia watu 27, na hesabu hiyo inaendelea hadi leo kila mwaka. Jukwaa la mtandaoni la eBird, lililoanzishwa mwaka 2002, hupokea orodha kutoka kila pembe ya dunia. Hesabu za muda mrefu za watu wa kawaida zilikuwa sehemu kubwa ya ushahidi uliowawezesha watafiti kutangaza mwaka 2019 kwamba Amerika Kaskazini imepoteza takriban ndege bilioni 3 tangu mwaka 1970, wengi wao wakiwa wa spishi zilizohesabiwa kuwa za kawaida.

Hapo ndipo mashindano ya idadi yanapopotosha. Anayefukuza spishi ya mia humpuuza shomoro, ilhali mtafiti anahitaji kujua shomoro walikuwa wangapi, mlitembea umbali gani na kwa muda gani. Njiwa wa Amerika aitwaye *Ectopistes migratorius* aliruka kwa makundi yaliyotia anga giza, na wa mwisho alikufa katika bustani ya wanyama ya Cincinnati tarehe 1 Septemba 1914. Andika basi wote mliowatambua, na idadi yao, hata ikiwa ni makadirio.

Kuhusu ndege wako adimu, kutiliwa shaka si tusi. Rekodi za ndege adimu hupitiwa na kamati kwa desturi hiyo hiyo, na hata wataalamu wenye majina makubwa hurudishiwa zao. Andika maelezo hapo hapo ulipo, kabla hujafungua kitabu, kwa sababu picha ya kitabuni huingia kichwani na kujifanya kumbukumbu. Taja saa, umbali, mwelekeo wa mwanga, ulimtazama kwa muda gani, na pia yale ambayo hukuyaona, kwa mfano kwamba hukuuona mkia. Eleza ni spishi zipi za kufanana naye ulizozifikiria na kwa nini ulizikataa. Picha yoyote, hata yenye ukungu, au sauti iliyorekodiwa kwa simu, huongeza uzito. Kisha waambie wenzako mahali pale mara moja badala ya kungoja usomaji wa jioni, ili wapate kwenda kumtafuta wakati bado yumo.